Ugonjwa Unaorudi Unataka Jibu, Si Dawa Ile Ile

Hotuba ya mwakilishi wa wananchi katika kamati ya kituo cha afya, iliyotolewa kwenye mkutano wa hadhara wa kata

 

Nimeombwa nizungumzie huduma za maabara. Naomba nianze na habari yangu mwenyewe, ingawa si jambo jepesi kwa mama wa umri wangu kusimama hadharani akataja maradhi ya mkojo. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikaribia kuumbuliwa.

Katika muda wa miezi kumi na minne niliugua maambukizi ya njia ya mkojo mara tano. Mara ya kwanza nilikwenda duka la dawa, nikaeleza maumivu, nikauziwa vidonge. Siku ya tatu nilijiona mzima, vilivyobaki nikavitia kabatini. Maradhi yaliporudi, nikavimeza vile vya kabatini. Mara ya tatu na ya nne nilikwenda vituo viwili tofauti. Kote nilipimwa mkojo kwa kijiti, nikaambiwa, "Mama, ni UTI," nikaandikiwa vidonge, nikaondoka. Hakuna aliyeniuliza kama ilikuwa mara ya kwanza, nami sikusema. Kila nilipokwenda nilinunua daftari jipya, kwa kuwa la zamani nimelisahau nyumbani.

Mara ya tano nilishikwa na homa ya kutetemeka, ubavu ukauma hata nikashindwa kusimama. Mwanangu alinipeleka hospitali, akachukua madaftari yote pamoja na boksi la vidonge vya dukani. Daktari aliyapanga mezani, akasoma moja baada ya jingine, kisha akasema, "Mama, kote huku umepewa dawa moja." Maambukizi yalikuwa yamepanda hadi kwenye figo.

Kabla ya kunipa dawa, alichukua mkojo ukapelekwa maabara ya hospitali ya rufaa ya mkoa ili vijidudu vioteshwe. Hicho ndicho kipimo nilichokikosa miezi yote ile. Kijiti huonyesha dalili za maambukizi tu. Hakimtambui kijidudu wala hakisemi dawa gani itamuua. Katika kuotesha, bakteria hukuzwa, kisha hujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Yangu yalipofika, yalionyesha kwamba vidonge nilivyokuwa nikimeza havikuwa na nguvu tena juu ya bakteria wale. Nilitibiwa kwa sindano, nikalazwa siku sita. Nilipopimwa damu ya kidoleni, ikaonekana pia kuwa nina kisukari, na kisukari ni mojawapo ya sababu za maambukizi haya kurudi.

Ndugu zangu, nasema haya si kwa kumlaumu mtu. Lawama nyingine ni yangu. Nasema ili tulielewe jambo moja: ugonjwa unaorudi ni swali. Kwa kawaida, maambukizi ya njia ya mkojo yakitokea mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu ndani ya mwaka, wataalamu huyahesabu kuwa ya kujirudia, na sababu yake hutafutwa. Huenda ni kisukari, mawe ya figo, au tezi dume kwa wazee wetu wa kiume. Na anayekojoa damu, hasa akiwa amezoea kuingia mabwawani au kwenye majaruba ya mpunga, huenda ana kichocho, ambacho hakitibiwi kwa dawa za UTI.

Wataalamu huliita tatizo la dawa kushindwa "usugu wa vimelea dhidi ya dawa". Si hadithi ya kututisha. Mwaka 2019 pekee, watafiti walikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya hatari hii tangu mwaka 1945. Kidonge kinachoachwa kabatini leo ndicho kitakachomkosa mtoto kesho.

Kwa hiyo, nawaomba wananchi wenzangu mambo manne. Tunza daftari moja, uende nalo kila kituo. Usiseme tu "naumwa", sema, "hii ni mara ya tatu, na dawa niliyopewa ni hii." Usimeze antibiotiki kabla ya kutoa mkojo wa kuoteshwa, kwa maana dawa huficha vijidudu. Na ukipewa dozi, imalize kama ulivyoelekezwa, usimgawie jirani.

Kwa watoa huduma wetu, nawaomba swali fupi: "Umewahi kuugua hivi?" Halichukui dakika moja, nalo lingeniokoa siku sita za kitanda.

Kwa Halmashauri, kupitia kwa Mheshimiwa Diwani, nina ombi moja. Makohozi ya wenye dalili za kifua kikuu husafirishwa kutoka zahanati hadi maabara kubwa, mgonjwa akabaki nyumbani. Utaratibu kama huo uangaliwe kwa mkojo wa wagonjwa wa kujirudia. Mimi nilikuwa na mwana wa kunibeba na nauli ya kwenda hospitali. Wako mama zetu wasio na mwana wala nauli, nao wanameza dawa ile ile mpaka leo.

Kamati yetu ina wawakilishi wenu. Tuleteeni yaliyowakuta, kwa mdomo au kwa sanduku la maoni, tuyafikishe panapohusika.