Mashine ya Kikundi ni ya Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya uzalishaji mali, Mabawe, Ngara)

  Leo hatukuja na mbegu wala majembe. Tumekuja na swali moja: mashine ya kikundi ni ya nani?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita tulisaidia kikundi kimoja kununua mashine ya kusaga. Wanachama walichanga sehemu yao, sisi tukaongeza iliyobaki. Dukani mwuzaji aliuliza stakabadhi iandikwe kwa jina gani. Kikundi hakikuwa kimesajiliwa popote, tukasema, andika jina la mwenyekiti. Alikuwa mtu mwaminifu na kazi ilikwenda vizuri. Kisha akafariki dunia. Baada ya matanga ndugu zake walikuja na ile stakabadhi mkononi: mashine ni mali ya marehemu, iingie katika mirathi. Hawakuwa wezi, walisoma kilichoandikwa. Wanachama hawakuwa na karatasi hata moja. Wazee walisuluhisha, mashine ikauzwa, fedha zikagawanywa, na kikundi kikafa. Mjane wa marehemu, ambaye naye alikuwa mwanachama, alibaki katikati hana upande.

Kosa hilo halikuwa la marehemu. Lilikuwa letu sote. Biashara ikiwa ndogo, kufahamiana kunatosha. Ikianza kukua, ikanunua mashine, ikakopa na kuuza kwa watu wasiotufahamu, ni lazima ijulikane kisheria ni ya nani na nani atalipa deni.

Kwanza, tujue aina za usajili, maana hazifanani.

Kikundi cha kuweka na kukopa kinahusika na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Usajili wake hufanyika halmashauri. Lakini usajili huo ni wa kukopeshana ninyi kwa ninyi. Hauwapi ruhusa ya kupokea amana za watu wa nje.

Jina la biashara husajiliwa BRELA. Wengi hudhani wakishapata cheti hicho wamekuwa kampuni. Sivyo. Jina ni jina tu. Biashara ikidaiwa, mwenye jina ndiye anayedaiwa, pamoja na shamba lake na ng'ombe wake.

Kampuni ni jambo jingine. Hata watu wawili wanaweza kuianzisha, na ikishasajiliwa sheria huihesabu kuwa mtu anayejitegemea, mwenye mali yake na madeni yake. Jambo hili lilithibitishwa Uingereza mwaka 1897. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, alikuwa amegeuza biashara yake kuwa kampuni, yeye na mke wake na watoto watano wakiwa wanahisa. Kampuni ilipofilisika wadai walitaka alipe mwenyewe. Mahakama ya juu kabisa ilikataa: kampuni ni mtu mmoja, Salomon ni mtu mwingine. Msingi huo ndio unaofuatwa hata na mahakama za Tanzania. Mwenyekiti akifa, kampuni haifi, na mashine yake haiingii katika mirathi ya mtu.

Kuna pia chama cha ushirika, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kinachowafaa wakulima wengi wanaotaka kila mwanachama awe na kura moja.

Pili, kusajiliwa siyo kuruhusiwa kila kitu. Wengi mnakumbuka DECI. Wachungaji walikuwa miongoni mwa viongozi wake, na waumini waliwaamini wakapanda fedha, wakiahidiwa kuvuna zaidi. Mwaka 2009 Serikali iliwafikisha viongozi mahakamani kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni, na mwaka 2013 baadhi yao walitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu. Basi mtu akija hapa na cheti cha usajili, hata akiwa na Biblia mkononi, mwulizeni: leseni ya kufanya kazi hii iko wapi?

Tatu, tusikimbilie kampuni kwa sababu ya sifa. Kampuni ina wajibu wake. Kila mwaka hupeleka taarifa BRELA, na ikichelewa faini huongezeka mwezi hadi mwezi. Hulipa kodi ya asilimia 30 ya faida. Mfanyabiashara mdogo asiye kampuni anaweza kulipa kwa kufuata mauzo. Na hapo daftari lina thamani ya fedha taslimu. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi milioni 6 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitozwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Viwango hubadilika, kwa hiyo waulizeni TRA kila mwaka. Lakini wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtu anaweza kusema, sisi wa Mabawe tuko mbali na hayo yote. Hapana, ndugu zetu. Tangu mwaka 2018 usajili wa BRELA hufanyika kwa intaneti, ukiwa na namba ya NIDA. Mikopo ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hupewa vikundi vilivyosajiliwa. Na katika wilaya yetu hii ya Ngara upo mradi wa nikeli wa Kabanga, ambao Serikali ilitia saini mkataba wake Januari 2021 na kupata hisa asilimia 16. Kanuni za mwaka 2018 zinazitaka kampuni za madini zitoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Maharage tunayo, ndizi tunazo. Lakini mnunuzi mkubwa ataomba TIN, leseni na risiti. Asiye navyo atamwuzia mchuuzi, na mchuuzi ndiye atakayepata bei.

Kabla hatujaonana tena, kila kikundi kifanye mambo matatu. Andikeni orodha ya mali zote za kikundi, na mbele ya kila moja jina lililo kwenye stakabadhi. Mkikuta jina la mtu mmoja, andikeni muhtasari wa kikao, yeye mwenyewe atie sahihi kwamba mali ni ya kikundi, akiwa hai na mwenye afya. Kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii au afisa biashara wa wilaya, mwulize ni usajili upi unaofaa kazi yenu.

Nasi tumejiwekea sharti. Hatutaongeza fedha tena katika mashine yoyote mpaka tuone stakabadhi yake itaandikwa kwa jina la nani.