Tope la mikoko na dawa ambazo bado hazijapatikana

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale



Kila aliyewahi kuwinda kaa Gazi analijua tope la mikoko. Ni jeusi, humeza mguu hadi gotini, na hunuka kama yai viza. Harufu hiyo ni kazi ya bakteria. Humo ndani hewa ni haba, maji ya chumvi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na majani ya mkoko na mchu huoza polepole. Chakula kipo, ila wanaokigombania ni wengi mno. Katika ugomvi huo baadhi ya bakteria hutoa sumu ya kuwazuia jirani zao wasikue. Sumu za namna hiyo, zikishasafishwa na kupimwa, zimekuwa dawa za antibiotiki.

Jambo hili si la kukisia. Mwaka 1943 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman, alipata streptomaisini kutoka kwa bakteria wa udongo. Ilikuwa antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu, na wazee waliougua zamani hawajaisahau sindano yake. Bakteria wa jamii hiyo ndio wanaoupa udongo ile harufu nzuri mvua ya kwanza inapogusa ardhi.

Shida ni kwamba udongo wa nchi kavu umepekuliwa kwa miaka mingi, na mara nyingi mtafiti huishia kuipata dawa ile ile inayojulikana. Ndiyo sababu wengine wamegeukia kwenye chumvi na matope, ambako bakteria huishi maisha tofauti na huenda wana silaha tofauti.

Kazi yenyewe haina makeke. Tope kidogo huchukuliwa kwa kijiko safi, hukaushwa, huchanganywa na maji, kisha hupakwa kwenye sahani yenye jeli itokanayo na mwani. Bakteria wanaotafutwa hukua taratibu, pengine majuma kadhaa, na wakishaota huonekana kama unga. Kila mmoja hutengwa, kisha huwekwa karibu na kijidudu cha maradhi, kwa mfano kile kinachosababisha majipu. Asubuhi mtafiti huangalia kama pana duara safi, mahali ambapo kijidudu kimeshindwa kuota. Duara likiwepo, ni furaha, lakini dawa bado. Huenda sumu hiyo inajulikana tayari. Huenda inaua seli za binadamu pia. Kutoka duara hilo hadi kidonge huweza kupita zaidi ya miaka 10, na nyingi huanguka njiani.

Na maradhi hayangoji. Mwaka 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikadiriwa kufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Anayenunua vidonge viwili kwenye kemisti bila cheti cha daktari, au anayemwekea mwenziwe vilivyobaki, anaumaliza uwezo wa dawa zilizopo kabla nyingine hazijafika.

Mikoko nayo hukatwa kwa boriti na kuni, na tope lake likikauka, bakteria hubadilika. Hakuna ajuaye kilichopotea humo. Jamii ya Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza hewa ukaa mwaka 2013, imeonyesha kwamba msitu uliosimama nao huleta pesa.

Limebaki suala la haki. Erithromaisini, ambayo hospitali nyingi huitumia, ilitokana na udongo wa Iloilo, Ufilipino. Daktari Abelardo Aguilar ndiye aliyeutuma ng'ambo mwaka 1949, na hakuwahi kulipwa mrabaha. Kenya ina kanuni za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki: anayetaka kuzitumia lazima awe na kibali cha NEMA, apate kwanza idhini ya wenyeji, na aafikiane nao kuhusu mgao wa faida. Kwa hiyo mgeni akifika ufuoni na chupa zake, si utovu wa adabu kumkaribisha, kumpa dafu, na kumwomba aonyeshe kibali kabla hajaingia topeni.