Ulaya ya Bei Nafuu Inaanzia Mnazi Mmoja

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaijua Ulaya kupitia Laleli, mtaa wa nguo za jumla ulio upande wa Ulaya wa jiji la Istanbul. Sasa wapo wanaotaka kwenda kutembea tu, na wanaitaja Bulgaria, ambako chakula na malazi ni nafuu kuliko Paris au London.

Hesabu yao ina kasoro. Wanaanza kuhesabia Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, wakati pesa huanza kutoka hapa hapa Mnazi Mmoja. Nchi hiyo iliingia kikamilifu katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, tarehe 1 Januari 2025. Ada ya viza hiyo kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudishwi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Bado tiketi ya ndege, na taarifa ya benki inayoonyesha mzunguko halisi, si milioni zilizoazimwa kwa shemeji wiki iliyopita.

Sehemu kubwa ya gharama hizo haijali utakaa siku 3 au 14. Unafuu wa nchi humfaa anayekaa muda wa kutosha. Wa siku 3 analipia kuingia tu.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Basi omba mapema, usinunue tiketi kabla ya viza, na usiguse mtaji wa duka. Kodi ya fremu haisubiri mtu arudi matembezini.