Kwa Baiskeli Katika Nchi Tambarare ya Maji

Leo hatutafanya hesabu, wala hatutaandika barua. Leo tunakwenda matembezi kwa baiskeli.

Kama darasani mwenu mna ramani ya dunia, mmoja wenu asimame aitazame. Tafuteni Marekani. Shusheni kidole upande wa kusini na mashariki, mpaka mwone nchi iliyochomoza baharini kama kidole gumba. Hiyo ndiyo Florida. Karibu na ncha yake uko mji mkubwa uitwao Miami. Magharibi ya Miami ndiko tuendako, mahali paitwapo Everglades.

Everglades ni hifadhi ya taifa, nayo ilifunguliwa mwaka 1947. Hapana mlima wala kilima. Ukisimama wima waona majani na maji, maji na majani, mpaka pale mbingu inapokutana na nchi. Majani hayo ni marefu, yana meno makali kama msumeno. Ukiyapitisha mkononi yatakukata.

Ndani ya hifadhi hiyo pana mahali paitwapo Shark Valley, yaani Bonde la Papa. Jina hilo lisikutishe. Papa wako mbali, kule maji yanapoingia baharini. Na bonde lenyewe ni la kina kidogo sana hata jicho haliwezi kulitambua. Hapo imejengwa barabara ya lami ya kilomita 24, inayozunguka na kurudi pale ilipoanzia. Wageni hawaruhusiwi kuingia na motokaa zao. Wapitao ni watu wa miguu, watu wa baiskeli, na magari ya wazi yanayochukua wageni. Asiye na baiskeli hukodi pale pale mlangoni.

Basi tujitayarishe. Tia upepo magurudumu. Jaribu breki. Vaa kofia, maana njiani hapana kivuli. Chukua maji ya kunywa ya kutosha. Wakati mzuri ni majira ya kiangazi cha huko, toka Desemba mpaka Aprili, kwa kuwa mbu ni wachache na wanyama huonekana kwa urahisi. Anza asubuhi. Usishindane na mtu. Mzunguko wote wataka muda wa saa mbili au tatu kwa mwendo wa pole, na katika nchi hii mwendo wa pole ndio mwendo wa maana. Aendaye mbio ataona majani tu.

Tumeshaondoka. Barabara imenyooka kama kamba iliyovutwa, na kando yake pana mfereji wa maji. Baiskeli yaenda bila taabu, hapana kupanda wala kushuka. Tazama kando ya njia. Je, lile ni gogo? La, si gogo, ni mamba! Ni mamba wa Marekani, mwenye pua pana iliyoviringana. Asubuhi hutoka majini kuota jua, na pengine hulala barabarani kabisa. Usipige kengele kumwamsha. Kaa mbali naye kadiri ya mita 5 au zaidi, umpe nafasi, upite taratibu. Wala usimtupie chakula. Mamba aliyezoea kulishwa huacha kumwogopa mtu, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Mamba huyo ana kazi kubwa. Mvua zinapokwisha na maji kupungua, yeye huchimba shimo kwa pua na mkia wake. Maji hubaki humo. Samaki hukimbilia humo, kobe wa majini hukimbilia humo, na ndege huja kunywa na kula. Mamba atakula baadhi yao, ni kweli. Lakini wengi huokoka mpaka mvua zirudi. Bila shimo la mamba, kiangazi kingewamaliza.

Watazame ndege sasa. Yule mweupe aliyesimama kimya ni yangeyange. Yule mwenye shingo nyembamba kama nyoka, aliyetandaza mabawa juani, ametoka kupiga mbizi na sasa anajikausha. Na yule mkubwa mwenye kichwa kipara ni korongo. Mkumbuke korongo, tutarudi kwake.

Baada ya kilomita 11 twafika kwenye mnara. Egemeza baiskeli yako, upande juu. Waona nini? Waona tambarare pande zote, na hapa na pale kifungu cha miti, kama kisiwa. Kwa nini miti iko pale tu? Kwa sababu pale ardhi imeinuka kidogo, pengine si zaidi ya goti la mtu mzima. Kimo hicho kidogo chatosha kuiweka mizizi mahali pakavu. Katika nchi tambarare, jambo dogo ni jambo kubwa.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mtu akitazama toka mnarani atasema, "Hiki ni kinamasi. Maji yamelala." Watu wengi walisema hivyo zamani. Lakini maji hayakulala, yanatembea. Yanatoka kaskazini, upande wa ziwa kubwa liitwalo Okeechobee, yanakwenda kusini mpaka baharini. Mwaka 1947 mwandishi Marjory Stoneman Douglas alitoa kitabu kilichowafundisha watu kwamba Everglades ni mto, tena mto upitao katikati ya majani.

Mto huu washuka kiasi gani? Kwa kila kilomita moja, nchi hushuka kadiri ya sentimita 3 tu, yaani upana wa vidole viwili. Tumeendesha kilomita 11 toka mlangoni. Kwa hesabu hiyo tumeteremka kadiri ya urefu wa rula moja ya shule. Miguu yako haikujua habari hiyo, wala baiskeli haikujua. Maji yanajua.

Na kwa kuwa mteremko ni mdogo hivyo, kizuizi kidogo chatosha kuyasimamisha. Mkulima wa mpunga ataelewa mara moja. Tuta la jaruba halifiki hata magotini, lakini huzuia maji ya shamba zima. Katika Everglades watu walijenga tuta refu sana pasipo kulifikiria kuwa ni tuta. Walijenga barabara.

Ni ile ile unayopita ukitoka Miami kuja Shark Valley. Yaitwa Tamiami Trail, nayo ilimalizika mwaka 1928. Wajenzi walichimba mfereji, mawe yaliyotoka wakayarundika kando, na juu ya mawe wakapitisha njia. Ilikuwa kazi ngumu, na watu waliifurahia, maana sasa motokaa ziliweza kuvuka toka pwani moja mpaka pwani ya pili. Waliweka makalvati chini yake, lakini hayakutosha. Maji yaliyozoea kupita mahali popote sasa yalitakiwa kupita katika matundu machache. Halafu, toka mwaka 1948, serikali ilianza mpango mkubwa wa kuchimba mifereji na kujenga kingo, ili kuzuia mafuriko na kupata mashamba na viwanja vya nyumba. Leo imebaki kadiri ya nusu tu ya Everglades ya zamani.

Ni nani aliyepata hasara? Mrudieni korongo. Korongo huyu hutafuta samaki kwa kugusa. Huingiza mdomo wazi majini, na samaki akimgusa, hufunga. Kwa hiyo anahitaji samaki wengi waliosongamana katika vidimbwi vya kiangazi. Hapo ndipo anapoweza kulisha makinda yake. Lakini maji yakifunguliwa wakati usio wake, samaki hutawanyika, na makinda hufa njaa. Katika karne iliyopita ndege wa majini waliojenga viota huko walipungua sana.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya ndege." La, ndugu yangu. Maji ya Everglades hupenya chini katika mwamba wa chokaa, na visima vinavyonywesha watu wa Miami huchota humo. Maji matamu yakipungua, maji ya chumvi ya baharini huingia mahali pake. Hapo bomba la mjini ndilo linaloumia.

Basi, watu walifanya nini? Je, walibomoa barabara? Hawakuweza, watu wanaihitaji. Waliinyanyua. Mwaka 2000 ilipitishwa sheria ya kurekebisha njia za maji za Everglades. Mwaka 2013 sehemu moja ya Tamiami Trail, yapata kilomita 1.6, ilianza kupita juu ya daraja, na maji yakapita chini yake. Baadaye madaraja mengine yakaongezwa. Kazi hiyo ni ya miaka mingi na fedha nyingi. Kuziba njia ya maji ni rahisi kuliko kuifungua tena.

Haya, tushuke mnarani tukamalize safari. Njia ya kurudi ina kona nyingi, ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza, nayo yapita karibu na majani. Endesha polepole, usikilize vyura.

Na unapoendesha, fikiri juu ya kwenu. Huenda mwaka huu kijiji chenu kitakata njia mpya kupitia bondeni. Njia ni jambo jema, yaleta soko, yaleta shule na dawa. Lakini kabla ya jembe la kwanza, nendeni bondeni kwa miguu au kwa baiskeli, kiangazi mara moja na masika mara moja. Waulizeni wazee: maji hutoka wapi, na huenda wapi? Wekeni kalvati kila mahali maji yanapopita, hata kama ni kiangazi na mahali pamekauka. Maji hayasahau njia yake.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Everglades yaitwa mto, wala si kinamasi?
2. Mamba huwasaidiaje wanyama wengine wakati wa kiangazi?
3. Barabara ya mwaka 1928 ilizuiaje maji, ingawa ilikuwa na makalvati?
4. Katika kijiji chenu, ni njia au tuta gani limezuia maji? Nani amefaidi, na nani ameumia? Andika sentensi tano juu ya jambo hilo.

Kwaherini, wanafunzi wapenzi, mpaka somo lijalo.