Wasio na Makao na Wajibu wa Usharika



Nimepewa kazi ya kusema juu ya diakonia katika karne ya pili ya usharika wetu. Nimeona heri niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni watu wasio na mahali pa kulala. Tunawafahamu. Wako watoto wa stendi ya mabasi. Wako wajane walioondolewa katika nyumba zao mara baada ya matanga, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Wako wazee waliokimbia vijiji vyao kwa kusingiziwa uchawi, na wagonjwa wa akili ambao jamaa zao wamechoka. Kila Jumapili baadhi yao husimama langoni petu, nasi huwapa sarafu na kupita.

Jina la Bethel mnalijua. Wamisionari wa shirika lililokuja kuitwa kwa jina hilo walianza kazi Mlalo, Usambara, mwaka 1891, na Bukoba mwaka 1910. Lakini ni wachache wanaojua kwamba Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeshika uongozi wa taasisi ya wagonjwa wa kifafa huko Bethel, Bielefeld, mwaka 1872, alishughulika pia na watu wa barabarani. Uchumi wa Ujerumani ulianguka mwaka 1873, na wanaume wengi wakatembea mji hata mji wakitafuta kazi. Wenye nyumba waliwapa kipande cha mkate ili waondoke, na polisi waliwafunga kwa kosa la kuombaomba. Bodelschwingh aliona kwamba mkate ule wa mlangoni na gereza lile vilifanya kazi moja, yaani kumsukuma mtu aende mbele.

Basi mwaka 1882 alifungua Wilhelmsdorf, katika nyika ya mchanga karibu na Bielefeld. Mwanamume aliyefika alipewa kitanda, chakula na kazi ya kuilima nyika ile. Wakati huohuo viliwekwa vituo kando ya barabara. Msafiri alifanya kazi asubuhi, akatembea mchana, na jioni akakuta kituo kingine kinachompokea. Naomba tulitazame jambo hili kwa makini, maana ndiyo hoja yangu. Kituo kimoja peke yake hakikuwa na faida kubwa; nguvu yake ilikuwa katika mapatano na kituo kilichofuata. Wilaya moja ikikataa, mnyororo ulikatika, na mtu akalala mtaroni. Ndiyo sababu mzee huyu, akiwa amepita umri wa miaka 70, aliingia katika bunge la Prussia mwaka 1903 kuitafutia kazi hiyo sheria, nayo ilipatikana mwaka 1907.

Mwaka 1905 alianzisha Hoffnungstal, karibu na Berlin. Katika jiji hilo mamia ya watu walilazwa usiku katika kumbi kubwa. Yeye alitaka kila mtu apate chumba chake, hata kama ni kidogo mno.

Si kila kitu cha kuiga. Sharti la kazi liliwafaa vijana wenye nguvu, lakini bibi wa miaka 75 hatumpi jembe ndipo tumpe godoro. Hata huko Ujerumani walikuwapo waliozunguka kutoka koloni moja hadi jingine miaka yote bila kupata kwao.

Nasi tumewahi kujaribu njia ya kuwasukuma. Kwa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walioonekana hawana kazi mijini walikamatwa wakarudishwa vijijini, na wengi wao walirudi mjini baada ya muda mfupi. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji, zinazomhesabu mtu kuwa mkosaji kwa hali yake wala si kwa tendo lake, zinapingana na Mkataba wa Afrika.

Katika Luka 10 tumezoea kumhubiri Msamaria. Mwenye nyumba ya wageni hatumhubiri, naye ndiye aliyebaki na majeruhi. Walipatana malipo, na Msamaria akaahidi kurudi. Hiyo ni diakonia yenye utaratibu.

Kamati ya jubilei imependekeza nyumba ya zamani ya walimu, iliyo nyuma ya kanisa, ipangishwe iwe maduka. Najua kodi hiyo ingesaidia mishahara ya wainjilisti, na shida yao si ndogo. Hata hivyo naomba nyumba hiyo iwe vyumba vya watu wasio na makao, kila chumba na ufunguo wake, na ufunguo akae nao mwenye kulala humo. Mtoto tusimweke pale kwa uamuzi wetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, na afisa ustawi wa jamii ahusishwe siku ileile. Mgonjwa wa akili apelekwe hospitali na mtu anayemfahamu, kisha arudi kwenye kitanda kilichomngoja. Tena tusianze kabla ya kuketi na sharika jirani, na Wakatoliki, na wazee wa msikiti, tukubaliane nani anapokea wageni wa usiku gani, na nani anakwenda kijijini kuzungumza na ukoo uliomfukuza mjane.

Baraza la wazee litakutana baada ya sikukuu hii. Naomba hoja ya maduka isipigiwe kura mpaka wajumbe wameingia katika nyumba hiyo na kuitazama. Ina vyumba vinne, na viwili kati yake vinavuja.