Kilichoachwa Kimya Kimya: Chaguo za Ujenzi katika Programu za Uthibitishaji



Katika kikao cha kutetea tasnifu, mwenzangu ninayemheshimu alimwuliza mtahiniwa kwa nini ametumia sura nzima kueleza alivyoikompaili seva yake ya RADIUS. "Hiyo ni kazi ya fundi," alisema. "Skripti ya configure inajua yenyewe mashine ina nini. Iendeshe, nenda kanywe chai." Mtahiniwa alinyamaza, kama inavyompasa mtahiniwa. Mimi sikujaliwa subira hiyo, na mhadhara huu ndio jibu langu.

Historia ya RADIUS nitairuka. Asiyeifahamu itifaki yenyewe aisome RFC 2865 ya mwaka 2000. Itoshe kusema kwamba mwanafunzi anapoingia kwenye eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, iwe katika chuo kilichounganishwa na KENET huko Kenya au RENU huko Uganda, ombi lake huamuliwa na seva ya aina hii, na mara nyingi seva hiyo ni FreeRADIUS, mradi ulioanza mwaka 1999.

Sasa tuje kwenye chai. Skripti za configure, jinsi tunavyozijua tangu David MacKenzie alipoanzisha Autoconf mwaka 1991, hazijui lolote. Zinajaribu tu. Skripti huandika programu ndogo ya C, huikompaili na kuiunganisha na maktaba inayotafutwa. Ikifaulu hurekodi ndiyo, ikishindwa hurekodi hapana. Ugomvi wangu uko kwenye hiyo hapana. Jaribio laweza kushindwa kwa sababu maktaba haipo, au ipo lakini faili zake za vichwa hazikuwekwa, au iko katika saraka isiyotazamwa, au jaribio lenyewe limeandikwa vibaya. Skripti haitofautishi. Kwake yote ni "hakuna".

FreeRADIUS ikikosa maktaba ya LDAP, inayoiwezesha kusoma orodha ya watumiaji wa chuo, hutoa onyo kwamba moduli ya rlm_ldap haitajengwa, na kwamba inaachwa kimya kimya. Ndivyo onyo lenyewe linavyosema, sijatia chumvi. Kisha inaendelea na kumaliza salama, na onyo limeshazama katika mamia ya mistari. Mwashi akikosa mbao akaacha kuweka mlango, akaunong'oneza ukuta habari hiyo, kisha akakukabidhi funguo, ungemlipa?

Niliwahi kuitwa katika chuo kimoja, nisikitaje, siku ya usajili. Kila mwanafunzi alikuwa anakataliwa na mtandao. Seva ilikuwa imekompailiwa upya kwenye mashine mpya, ikagoma kuwaka kwa kuwa moduli ya LDAP haikuwemo. Aliyekuwa zamu aliondoa kiungo cha moduli hiyo katika saraka ya mods-enabled, na seva ikawaka bila neno. Katika toleo la 3 la FreeRADIUS, mpangilio wa kawaida huandika -ldap, kwa kistari mbele, maana yake moduli isipokuwepo ipuuzwe. Kwa hiyo kimya cha siku ya ujenzi kilirithiwa na seva inayofanya kazi. Asubuhi nzima wanafunzi waliambiwa wamesahau nenosiri.

Ukweli ulikuwa ndani ya config.log, na hapa naomba mniwie radhi kwa kuchelewa, maana sijui hati nyingine ya kompyuta iliyo aminifu kuliko hiyo. Inaanza kwa kuandika amri yenyewe uliyoitoa, pamoja na kila chaguo. Inafuata mashine, mfumo na njia za kutafutia programu. Kisha kila jaribio kwa zamu yake, na kila lililoshindwa linanakiliwa lote, mstari kwa mstari, kila mstari ukitanguliwa na kijiti kilichosimama, pamoja na malalamiko ya kompaila. Mwisho zinaorodheshwa thamani zote zilizoamuliwa. Mwanahistoria gani ana shahidi wa namna hiyo? Pale chuoni kompaila ilikuwa imelalamika waziwazi kwamba haikuipata ldap.h. Maktaba ilikuwepo, kifurushi cha faili zake za vichwa ndicho ambacho hakikuwekwa.

Anayedhani hilo ni la mafundi wazembe tu aitazame xz, programu ya kubana data, mwanzoni mwa 2024. Katika faili yake ya CMake mtu alipenyeza nukta moja ndani ya programu ya kujaribia kinga ya Landlock. Nukta ikaiharibu programu hiyo, jaribio likashindwa, na ujenzi ukahitimisha kwamba mashine haina Landlock. Nukta moja tu! Adui alikuwa ameielewa ile "hapana" kuliko mwenzangu wa chai.

Mwenzangu atajibu: basi tumia vifurushi vya msambazaji. Kwa seva nyingi namkubalia, maana marekebisho ya usalama huja kwa wakati. Lakini msambazaji naye huchagua. Kwa miaka mingi Debian iliijenga FreeRADIUS bila OpenSSL kwa sababu leseni zilipingana, na PEAP na TTLS, zinazobeba Wi-Fi ya vyuo, hazikuwemo, ilibidi ujikompailie. Na mlango wa nyuma uliofichwa katika xz hiyohiyo, alioufichua Andres Freund tarehe 29 Machi 2024, uliifikia sshd, seva ya kuingilia mashine kwa mbali, kupitia kiraka cha wasambazaji kilichoiunganisha na libsystemd. Tena skripti yake ya ujenzi haikuamka mpaka ione kifurushi cha Debian au cha RPM kinatengenezwa. Sisemi kwamba anayejikompailia yu salama; safari hii hakuwa yeye aliyewindwa.

Dawa ipo katika FreeRADIUS yenyewe: --enable-strict-dependencies, inayofanya configure igome pale moduli inapokosa kitu. Inachosha, kwa sababu itakubidi ukatae kwa jina kila usichokihitaji: --without-rlm_sql_oracle, --without-rlm_perl, na kuendelea. Uchovu huo naupenda. Anayewajibika kwa kuingia na kukataliwa kwa watu aandike mwenyewe alichokiacha, na chuo kiitunze amri hiyo pamoja na kumbukumbu zake nyingine. Katika kozi yangu, seva inayowasilishwa bila config.log yake haisahihishwi. Wanafunzi wananung'unika kwamba faili ina maelfu ya mistari. Nawaambia waanze na ule wa amri.