Mwili ni Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora na akamruzuku vilivyo vizuri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, naiusia nafsi yangu, kisha nawausieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu. Miongoni mwa amana tutakazoulizwa Siku ya Kiyama ni mwili huu. Hatukuununua, wala hatuna pa kununua mwingine.

Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, Mola wetu ameturuhusu kula na kunywa, kisha akatukataza israfu. Naye Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi.

Sisi wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama tumeneemeshwa. Ziwa Victoria latupa sato na dagaa. Mashamba yatupa mtama, ulezi, muhogo na mboga za majani. Lakini tutazame yanayotendeka majumbani mwetu. Dagaa huuzwa, na fedha yake ikanunua soda na vyakula vilivyozama katika mafuta. Uji wa ulezi huachwa, mtoto akapewa chai ya sukari tele. Chumvi huongezwa kabla chakula hakijaonjwa, hali Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Hiyo ni njia mojawapo ya shinikizo la damu, maradhi yasiyopiga hodi. Siku moja mwenye nyumba huanguka, mkono na ulimi vikapooza. Wala hataabiki peke yake: hutaabika mkewe, na mtoto anayekatisha masomo ili amuuguze baba.

Ama kuhusu mwendo, Bani Salima walipotaka kuhamia karibu na Msikiti wa Mtume, aliwashauri wabaki makwao, kwani hatua zao zaandikwa. Leo kijana mwenye nguvu hupanda pikipiki kwenda msikiti wa mtaa wa pili! Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mwaka 1967 alikwenda kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Sisi hatuombwi kufika Mwanza. Dakika 30 za mwendo wa haraka, siku 5 kwa wiki, zatosha.

Lakini enyi waume, mama anayelima na kuteka maji hana haja ya kuhimizwa mazoezi. Ana haja ya kupunguziwa mzigo, na kupewa haki yake ya kitoweo.

Wala tusimcheke mgonjwa. Si kila mwenye maradhi ameyaleta mwenyewe. Maradhi pia ni mtihani. Tupimwe shinikizo la damu kabla hatujaumwa, na aliyepewa dawa asiziache kwa kuwa amejiona mzima. Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Ewe Mola wetu, tupe afya ya kukuabudu Wewe, waponye wagonjwa wetu, na utujaalie tuirudishe amana Yako ikiwa imetunzwa. Amin.